Dhahabu ya Kilwa iko Lisbon

Katika Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon, kuna kitu cha dhahabu chenye urefu wa sentimita 73. Wakatoliki watakitambua mara moja. Ni monstransi, kile chombo cha kuwekea Ekaristi ili waumini waabudu. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na sura yake na rangi ya nguo zake, na juu yao kuna njiwa mweupe. Kitakoni pameandikwa kwa Kireno cha zamani kwamba mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi iliyotoka Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Ndiyo, Kilwa. Hii hii yetu ya Kisiwani, ambayo ukiwauliza vijana wengi wa Dar watakwambia wamewahi kuisoma darasa la sita na hawajawahi kufika.

Nilikuwa na siku saba Ureno, begi moja la mgongoni na ramani ya karatasi. Sikutumia wakala wala kiongozi wa watalii. Treni na mabasi ya Ureno yanakwenda kwa ratiba, na miguu ni bure. Niliamua kitu kimoja tu: nisiende ovyo. Nitafuata njia ya mtu aliyeichukua hiyo dhahabu. Mtu mwenyewe ni Vasco da Gama, yule tuliyekariri jina lake shuleni bila kuambiwa hasa alifanya nini.

Tuanze Belém, mtaa wa magharibi mwa Lisbon ulio kando ya mto Tagus. Ukipanda tremu namba 15 kutoka katikati ya mji utafika bila shida. Kutoka ufukwe huu Gama aling'oa nanga tarehe 8 Julai 1497 akiwa na merikebu nne na watu wapatao 170. Leo pana bustani, watalii na foleni ndefu ya watu wanaosubiri vitumbua vya maziwa na mayai ambavyo duka moja la hapo limekuwa likioka tangu 1837. Ni vitamu, siwezi kusema uongo.

Pana pia mnara mkubwa wa zege wenye umbo la merikebu, unaoitwa Padrão dos Descobrimentos, yaani Mnara wa Uvumbuzi. Wageni wengi wanadhani ni wa zamani sana. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1940 kwa vifaa vya muda, kwa ajili ya maonyesho ya serikali ya dikteta Salazar. Huu wa kudumu ulijengwa mwaka 1960. Chini yake, kwenye sakafu ya uwanja, kuna mchoro mkubwa wa dira wenye upana wa mita 50, na katikati yake ramani ya dunia inayoonyesha Wareno walifika wapi na mwaka gani. Unajua nani alitoa zawadi ya dira hiyo? Serikali ya Afrika Kusini, mwaka ule ule wa 1960, ile ya makaburu waliowapiga watu risasi Sharpeville mwezi Machi. Watalii wanapiga picha juu yake, watoto wanarukaruka.

Neno hilo "uvumbuzi" lilinisumbua siku zote saba. Gama alifika Mombasa Aprili 1498, hawakuelewana na wenyeji, akaenda Malindi. Sultani wa Malindi alikuwa hapatani na Mombasa, kwa hiyo akaona bora awe na rafiki mwenye mizinga. Akampa Gama rubani. Rubani huyo aliijua bahari ya Hindi na pepo zake kama konda wa daladala anavyojua vituo. Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei wakawa Calicut. Sasa niambie, unavumbua vipi njia ambayo mwenyeji amekaa mbele anakuonyesha?

Mita mia chache kutoka kwenye mnara iko monasteri ya Jerónimos. Ni jengo la ajabu. Nguzo zake zimechongwa kamba za merikebu, matawi na wanyama, jiwe limekuwa kama ushonaji. Mfalme Manuel alilijenga kwa ushuru wa asilimia tano wa biashara iliyotoka Afrika na Asia. Ukiingia kanisani unakutana na kaburi la Gama upande mmoja, na upande wa pili kaburi la mshairi Camões, aliyeandika utenzi mrefu wa safari hiyo, Os Lusíadas, uliochapishwa mwaka 1572. Camões mwenyewe aliwahi kukwama kisiwa cha Msumbiji kama miaka miwili kwa sababu hakuwa na nauli ya kurudi kwao. Hilo halikuandikwa kaburini.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Sines, mji wa pwani kusini mwa Lisbon. Njiani unapita Grândola. Jina hilo lihifadhi, tutalirudia. Huku ndiko mkoa wa Alentejo unakoanza: nchi kavu, pana, yenye watu wachache na miti ya vizibo kila upande. Magome ya miti hii huvuliwa kila baada ya miaka tisa, na kila mti huandikwa namba kwa rangi ili watu wajue ulivuliwa mwaka gani. Shina lililovuliwa linakuwa jekundu. Karibu nusu ya vizibo vyote vya chupa duniani hutoka Ureno.

Sines ndiko Gama alikozaliwa miaka ya 1460. Baba yake alikuwa mlinzi mkuu wa ngome ya mji, na ngome bado ipo. Sanamu ya Gama imesimama kando yake inatazama bahari. Anachokitazama siku hizi ni bandari kubwa ya makontena na mafuta. Mji wenyewe ni mdogo, nyumba nyeupe, wazee wamekaa kwenye benchi wakiongea taratibu. Tangu 1999 kila mwaka kunakuwa na tamasha la muziki wa dunia ndani ya ngome hiyo, na wanamuziki wa Afrika hupanda jukwaani pale pale.

Ila historia ya Sines na mwanawe haina raha. Gama aliporudi mwaka 1499, mfalme alimwahidi mji huu kama zawadi. Tatizo ni kwamba Sines ilikuwa mali ya wakuu wa Santiago, yaani jumuiya ya mashujaa wa kanisa, na wao wakakataa kuuachia. Gama alikaa pale kibabe, na mwaka 1507 akaamriwa aondoke na familia yake. Mtu aliyeteka miji ya wengine akafukuzwa mji wake.

Sasa tuzungumze alivyoipata hiyo dhahabu, maana monasteri na sanamu hazisemi. Safari ya kwanza Gama hakufika Kilwa. Aliyefika ni Cabral, mwaka 1500, akataka mkataba, hakuupata. Gama akarudi mwaka 1502 na merikebu 20. Mwezi Julai alitia nanga mbele ya Kilwa, akamwita mtawala, Amiri Ibrahim, na kumpa maneno mafupi: lipa kodi kwa mfalme wa Ureno kila mwaka, au nauchoma mji. Ibrahim alikubali kulipa mithqali 1,500 za dhahabu. Kwa hesabu ya mithqali moja kuwa gramu nne na robo, hiyo ni kilo sita na kitu. Miezi michache baadaye, karibu na pwani ya India, Gama alikamata jahazi lililokuwa limebeba mahujaji, wakiwemo wanawake na watoto, akalichoma moto na watu wake ndani. Hayo siyo maneno ya adui zake. Waliyaandika Wareno waliokuwa naye.

Kulipa hakukuiokoa Kilwa. Julai 1505 alikuja Francisco de Almeida na kundi jingine la merikebu. Mji ukatekwa siku moja, ukaporwa, na ngome ikajengwa. Mjerumani mmoja aliyekuwemo msafarani, Hans Mayr, aliandika alichokiona: nyumba za mawe za ghorofa, bustani, mashamba. Wiki chache baadaye ikawa zamu ya Mombasa kuchomwa. Na mwaka 1512 Wareno wakaiacha ngome yao ya Kilwa, maana biashara waliyoifuata ilikuwa imekwisha kufa mikononi mwao. Miaka saba tu! Mji ambao Ibn Battuta aliutembelea mwaka 1331 na kuusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri ulivunjika mgongo katika muda wa mtoto kuanza shule na kumaliza darasa la saba.

Kutoka Sines nilibadilisha mabasi kupitia Beja mpaka Vidigueira. Hiki ni kijimji cha mashamba ya zabibu ambacho watalii wengi hawana habari nacho. Baada ya kufukuzwa Sines, Gama aliishi Évora, akimsumbua mfalme kwa kudai cheo. Hatimaye mwaka 1519 akanunua Vidigueira na jirani yake Vila de Frades kutoka kwa mtawala wa Bragança, akawa Kaunti wa Vidigueira. Mwanamaji mkubwa wa Ureno akawa bwana wa kijiji ambacho bahari haionekani hata ukipanda juu ya paa.

Watu wa huku hutengeneza mvinyo ndani ya mitungi mikubwa ya udongo, mingine mirefu kuliko mtu, kwa namna waliyoirithi kutoka kwa Warumi. Mitungi hufunguliwa siku ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Niliingia kwenye kihoteli cha mtaani, na pale nilipata somo la historia ambalo hakuna makumbusho yaliyonipa. Mimi Kireno sijui. Lakini mhudumu alinionyesha "mesa", akaleta "copo", akauliza kama nataka "vinho". Meza, kopo, mvinyo. Ukutani palikuwa na "bandeira" ya timu ya mpira, na wazee wawili wanacheza "cartas". Bendera na karata. Nilikuwa kama nyumbani! Ongeza leso, kasha, foronya, padri, bastola. Na ongeza gereza, ambalo wataalamu wengi wanasema limetokana na "igreja", yaani kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani yake, na bila shaka zilikuwa na mahabusu pia. Mababu zetu walilisikia neno la nyumba ya ibada wakalielewa kuwa nyumba ya kufungia watu. Hakuna kitabu kitakachokueleza utawala wa Wareno kwa kifupi kuliko neno hilo moja.

Nje kidogo ya Vidigueira kuna mahali panapoitwa Quinta do Carmo, palipokuwa na nyumba ya watawa. Gama alifia Cochin, India, mkesha wa Krismasi mwaka 1524, na mwaka 1539 mifupa yake ikaletwa hapa. Ikakaa zaidi ya miaka 300. Mwaka 1880 serikali ikaihamisha kwa shangwe hadi Jerónimos, kisha ikabainika kuwa wamebeba mifupa isiyo yake. Ilibidi warudie mwaka 1898, wakati wa kusherehekea miaka 400 ya safari ya India.

Évora sitaikalia sana, ingawa ni mji mzuri kuliko yote niliyoiona. Una hekalu la Warumi la karne ya kwanza, kuta za mawe, vichochoro vyembamba kama vya Mji Mkongwe, na kanisa dogo ambalo kuta zake zimejengwa kwa mifupa na mafuvu ya watu. Mlangoni pameandikwa kwamba mifupa iliyomo inaisubiri yako. Nilitoka haraka.

Nikarudi Lisbon kwa treni, mwendo wa saa moja na nusu hivi. Safari hii sikwenda kwenye majumba makubwa. Nilikwenda uwanja wa São Domingos, karibu na Rossio, mahali ambapo mpaka leo Waafrika, hasa kutoka Guinea-Bissau, hukutana, huuza karanga na kupiga soga. Hawakuanza juzi. Hesabu iliyofanywa mwaka 1551 ilikuta Lisbon ina watumwa 9,950 katika mji wa watu wapatao laki moja. Kanisa la São Domingos lilikuwa na chama cha waumini weusi tangu enzi hizo. Hapo hapo kuna jiwe la kumbukumbu lililowekwa mwaka 2008. Aprili 1506 watu waliotoka kanisani hapa waliwaua Wayahudi kwa siku tatu, na inakadiriwa waliokufa ni kama 2,000. Mwaka 1506. Mwaka ule ule ambao monstransi ya dhahabu ya Kilwa ilikamilika.

Kutoka hapo unapanda mlima mpaka uwanja wa Carmo. Juu yake kuna kanisa lisilo na paa. Liliachwa hivyo baada ya tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755, lililobomoa sehemu kubwa ya Lisbon. Lakini mimi nilifuata kambi ya askari iliyo jirani. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974 redio ilipiga wimbo wa Zeca Afonso unaoitwa "Grândola, Vila Morena", unaosifu mji ule ule niliopita kwa basi. Ilikuwa ishara ya maofisa wa jeshi kutoka na vifaru. Jioni yake Waziri Mkuu Marcelo Caetano akajisalimisha ndani ya kambi hii ya Carmo, na wananchi wakawavisha askari maua ya karafu kwenye bunduki.

Kwa nini maofisa waliasi? Walikuwa wamechoka kupigana Angola, Guinea na Msumbiji. Vita vya miaka 13 viliua zaidi ya askari 8,000 wa Ureno na Waafrika wengi zaidi ya hao. Na hapa Watanzania tunaingia kwenye hadithi kwa mlango wa mbele. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Eduardo Mondlane aliuawa kwa bomu la kifurushi Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Nachingwea iko mkoa wa Lindi, mkoa ule ule wa Kilwa. Kwa hiyo ufalme ulioanza kwa kuitishia Kilwa ulikuja kuangushwa kwa msaada wa kambi iliyo ndani ya mkoa huo huo. Sijaona mnara wa zege uliojengwa kwa ajili ya hilo.

Ndiyo maana nilihifadhi makumbusho kwa siku ya mwisho. Nilisimama mbele ya ile monstransi kwa muda mrefu. Ni nzuri mno, tusibishane. Inasemekana iliponea chupuchupu kuyeyushwa karne ya 19, baada ya nyumba za watawa kufungwa mwaka 1834. Maelezo pembeni yanamtaja Gil Vicente, sonara aliyeitengeneza, na yanamtaja mfalme. Kilwa imetajwa kama mahali dhahabu "ilikotoka". Dhahabu haitoki yenyewe, jamani.

Sasa swali: irudi? Wareno wenyewe wameanza kubishana. Mwaka 2018 meya wa Lisbon alipotaka kujenga makumbusho ya "uvumbuzi", wasomi zaidi ya mia walipinga jina hilo hadharani. Aprili 2024 Rais Marcelo Rebelo de Sousa alisema Ureno inapaswa kubeba gharama za makosa ya utumwa na ukoloni, na serikali ikajibu kwamba haina mpango wa namna hiyo.

Tuwe wakweli na sisi. Dhahabu ile haikuchimbwa Kilwa. Ilichimbwa na watu wa nyanda za Zimbabwe, ikashushwa Sofala, na masultani wa Kilwa walitajirika kwa kuitoza ushuru. Na Kilwa hiyo hiyo mwaka 1776 iliingia mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumuuzia watumwa 1,000 kila mwaka. Tukidai haki kwa Wareno, Washona watuulize na sisi, na wajukuu wa waliouzwa watuulize pia. Ila tofauti ipo. Ushuru wa Kilwa ulikuwa biashara, watu walikuja wakauza wakaondoka. Kodi ya 1502 ilikuwa mizinga iliyoelekezwa kwenye nyumba za watu, na risiti yake wameiandika wenyewe kwenye kitako cha dhahabu.

Msimamo wangu ni huu. Waikopeshe Tanzania, hata mwaka mmoja, ioneshwe kwa watoto wa Kilwa na maelezo yake yaandikwe na sisi. Halafu, na hili naliona kubwa zaidi, watupe nakala za nyaraka. Hifadhi ya taifa ya Torre do Tombo pale Lisbon ina barua za Kiarabu kutoka kwa watawala wa pwani yetu, Malindi ikiwemo. Mwanahistoria João de Barros alitumia tarehe ya kale ya Kilwa katika kitabu chake cha mwaka 1552. Nyaraka za Wareno za pande hizi zilianza kuchapishwa mwaka 1962, Kireno upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Kiswahili hakimo. Hiyo ni kazi ya vyuo vyetu, hatuhitaji ruhusa ya Lisbon kuianza.

Na kabla ya kudai cha kwao, tujue cha kwetu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini, na mwaka 2014 yakatolewa baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Msikiti Mkuu bado umesimama na kuba zake. Husuni Kubwa bado inatazama bahari. Kutoka Kilwa Masoko unavuka kwa boti, ni mwendo mfupi kuliko foleni ya Ubungo. Mimi nimekwenda mpaka Lisbon kuona dhahabu yake. Wewe anza na Kisiwani.